Mshale Mwekundu na Adabu za Kibondo

Watu wa Kibondo nawapenda, Mungu anajua, lakini adabu yao nusura itupandishe lori. Nasema hivi mbele yao, siogopi, na wenyewe wakisikia hucheka wakasema, "Mama Pelagia kaanza." Ndiyo, nimeanza. Nitaacha siku nitakayosahau, na siku hiyo bado sijaiona.

Mume wangu Reverien alikuwa mwendesha mashine ya umeme ya mji. Mashine yenyewe ilikuwa moja tu, ya dizeli, imefungwa kwenye banda la mabati nyuma ya soko. Iliwashwa saa kumi na mbili jioni, ikazimwa saa nne usiku. Sisi ni Warundi. Tuliingia kwa njia ya Mabamba mwaka wa sabini na mbili, mimi nina mtoto mgongoni, yeye ana sufuria kichwani. Kule kwetu alikuwa akitunza mashine ya kinu cha kahawa, basi Kibondo wakampa hii aitunze. Akaitunza. Kuna wanawake wana wake wenza. Mimi nilikuwa na mashine. Hata akilala alikuwa akisikiliza kama bado inapumua, na ameizima mwenyewe kwa mkono wake.

Mwaka wa sabini na sita tukaambiwa kwamba mkimbizi asiye na kazi ya kuandikishwa pale mjini atapelekwa kwenye makazi kule Mpanda, akapewe shamba alime. Sina neno na kulima, nimezaliwa na jembe. Lakini nilikwisha kuacha nyumba mbili. Ya kwanza niliiacha maharage yakichemka jikoni, hata moto sikuuzima. Ya pili niliiacha ndiyo kwanza nimeisiriba. Hii ya tatu sikutaka kuiacha. Pelagia alikuwa darasa la kwanza, akigombana na wenzake kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, na mimi nilikuwa nimechoka kufunga vitu. Kilichotuweka Kibondo kilikuwa kazi ya Reverien, na kazi ya Reverien ilikuwa mashine ile. Basi.

Ndipo akaja Ndugu Khatibu.

Ndugu Khatibu alikuwa mhandisi wa umeme wa mkoa, mtu wa pwani, mnene, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka hata ukaona haya kufungua mdomo mbele yake. Alifikia resthausi ya serikali kule bomani. Siku ya kwanza alikuja bandani na sanduku jeusi lenye kioo, akalifunga ukutani, nami nikapeleka chai. Nilipopeleka chai sikuondoka. Nikaketi juu ya pipa la dizeli nikasikiliza, kwa sababu mambo ya mume wangu nisipoyasikia mwenyewe, yeye hanambii.

"Umeme hauwekwi ghalani, mama," Ndugu Khatibu akanieleza, maana aliona nimekaza macho. "Mashine inatoa kile kinachovutwa saa ileile. Saa kumi na mbili watu wanavuta kidogo. Saa moja mji mzima unawasha, mzigo unapanda. Saa tatu watu wanalala, unashuka. Sasa mimi sitaki kujua siku nzima mlivuta kiasi gani. Nataka kujua kilele: pale mlipovuta kuliko saa zote, mlifika wapi. Mashine hununuliwa kwa ajili ya saa hiyo."

"Kama sufuria ya harusi," nikamwambia. "Hununui kwa kupima uji wa asubuhi."

"Hivyo hivyo."

Ndani ya sanduku mlikuwa na mishale miwili. Mweusi ulifuata mzigo, lakini kwa uvivu. Mzigo usipokaa juu robo saa, nusu saa, mshale ule hausadiki, haufiki. Mwekundu haukuwa na nguvu zake wenyewe. Ulisukumwa na mweusi kwenda mbele, na mweusi ukirudi nyuma, mwekundu unabaki palepale uliposukumwa, unamngoja mwenye ufunguo. Ndugu Khatibu akaurudisha mwekundu kwenye sifuri, akafunga sanduku, akalitia lakiri.

"Kasulu wanaitaka mashine hii," akasema, akipuliza chai. "Mshale mwekundu usipofika kilowati arobaini wiki hii, maana yake hii ni kubwa mno kwenu. Itakwenda Kasulu. Hapa tutaleta kile kidogo, kiwashe taa za hospitali, na dereva wa hospitali anaweza kukiendesha. Ukipita arobaini, inabaki."

"Na mwendesha mashine?" nikauliza mimi. Reverien alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kasulu wana wao," akasema Ndugu Khatibu, si kwa ubaya.

Tukarudi nyumbani, na nakiri sikuwa na wasiwasi. Kila jioni ya Mungu mzigo ulikuwa ukipita arobaini hata kabla ya adhana ya Isha. Ikifika saa moja, mashine ilikuwa inakohoa, taa zinakuwa nyekundu kama kiini cha yai, na mji mzima unasikia banda linavyotetema. Tamimu mwenye duka na mashine ya kusaga alikuwa anasaga saa hiyohiyo, kwa sababu ndiyo saa wanawake wametoka shamba. Mkewe Zena alikuwa anapiga pasi saa hiyohiyo, kwa sababu alikuwa anaogopa kufa na nguo iliyokunjamana. Nikamwambia Reverien, "Watu hawa hawajui kuvuta kidogo. Lala."

Akalala. Siku zikaenda. Mashine haikohoi, nami nikadhani mhandisi kaitengeneza. Nikaona mume wangu hali. Ugali unabaki, mboga inabaki. Nikauliza, akasema tumbo. Siku inayofuata nikauliza tena, akasema tumbo lilelile. Mpaka Ijumaa asubuhi, na Ndugu Khatibu anaondoka kesho yake, ndipo akaweka kijiko chini akasema, "Mama Pelagia, mshale uko kumi na tisa."

"Wa nini kumi na tisa?"

"Mwekundu. Wiki nzima. Watu hawavuti."

Mawe, mama wee! Niliruka kitini hadi Pelagia akaacha uji. "Umekaa na neno hilo wiki nzima? Kwa nini hukuwaambia wawashe?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, yule mwanamume. "Mimi ni mgeni hapa," akasema. "Mgeni hamfundishi mwenyeji kuwasha taa ya nyumbani kwake. Nilidhani wamechoka na umeme."

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya kuvunja ndoa. Nikafunga kanga nikaenda kwa Zena.

Nilimkuta barazani anachambua mchele. Na mimi si mtu wa kuzunguka, hata hodi sikumaliza. "Zena, umeme umewakosea nini?"

Akainua uso, anatabasamu, amejaa furaha ya mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. "Umeona, eeh? Mume wangu alisema nisikwambie mpaka mgeni aondoke. Tunampunguzia shemeji."

"Mnampunguzia nini?"

"Mzigo! Si mkubwa wake amekuja kumkagua? Sasa mashine ikikohoa mbele yake, taa zikawa nyekundu, si ataaibika? Atafukuzwa kazi. Balozi wetu wa nyumba kumi, Ildefonsi, kapita nyumba kwa nyumba mji mzima, kila mtu taa moja, pasi marufuku, na Tamimu anasaga mchana kwa ile injini yake ya zamani inayotoa moshi. Tunakula kwa koroboi wiki nzima, jirani. Watoto wananuka mafuta ya taa. Lakini mashine ya shemeji umeisikia? Kimya! Kama hakuna kitu!"

Akanishika mkono, macho yake yanang'aa. Na mimi, jamani, nitasema nilivyojisikia: nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumsonga shingo, yote mawili kwa mara moja, wala sikujua nianze na lipi. Hakuna mtu aliyewahi kukaa gizani kwa ajili yangu mimi. Kule tulikotoka watu walizima taa ili wasione tunavyoondoka.

Nikakaa chini, nikamweleza. Mishale, arobaini, Kasulu, Mpanda. Nilipofika Mpanda ule mchele ulikuwa umemwagika wote barazani na Zena amesimama.

"Yaani tunamfukuza wenyewe?" akasema.

"Kwa mikono miwili."

Tukaenda kwa Balozi Ildefonsi, maana ndiye aliyepitisha neno la kuzima, na neno la kuwasha asingeliacha lipitishwe na wanawake wawili wenye hasira. Balozi alikuwa mtu wa taratibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema jambo hili ni zito, lilipitishwa kikaoni, hivyo litenguliwe kikaoni, na kikao kinaweza kukaa Jumapili baada ya misa.

"Balozi," nikamwambia, "Jumapili mimi niko ndani ya lori."

"Taratibu, Mama Pelagia."

"Zena, nishike," nikasema, na Zena akanishika kweli. Balozi alipoona nimeshikwa akavaa viatu. Kikao hakikukaa. Namshukuru mpaka leo, alizunguka mji mzima na baiskeli ya mwanawe, na kwa kila nyumba aliwaambia kwamba lile neno la mwanzo lilikuwa sahihi kwa wakati wake.

Saa moja jioni nilikuwa bandani, juu ya pipa langu. Sikualikwa. Reverien alikuwa amesimama mbele ya ubao wa swichi, amevaa shati safi, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Ukutani kulikuwa na mita yetu ya siku zote, ambayo sindano yake huruka papo hapo mtu akiwasha, na kando yake sanduku la Ndugu Khatibu na mishale yake mivivu.

Mita ikaanza kupanda. Ishirini. Thelathini. Kule sokoni nikasikia kinu cha Tamimu kinanguruma, nami nilijua hana mahindi, siku ile hakuna aliyeleta. Baadaye nilisikia alikuwa anasaga unga uliokwisha kusagwa. Zena alikuwa anapiga pasi nguo za nyumba nne. Sista Maximilla wa hospitali, aliyekuwa amechemsha sindano kwa kuni wiki nzima, alichemsha kila kitu kilichoweza kuingia ndani ya maji. Shuleni waliwasha madarasa yote, na wale wa darasa la saba wenye mtihani wakapata taa ya kusomea mara ya kwanza wiki ile. Arobaini. Arobaini na tano. Na mshale mweusi, ule mvivu, ukaanza kujikokota. Ulipofika kumi na tisa ukaugusa mwekundu, ukausukuma.

"Unaona!" nikapiga kelele. "Nenda, mama, nenda!"

Reverien hakuwa anautazama mshale. Alikuwa anaisikiliza mashine. Mita ya ukutani ilikuwa imefika hamsini na nne, hamsini na sita, na mashine haikuwa inakohoa tena, ilikuwa inalia, na bati la paa linaruka kwenye misumari. Mji ule ulipoamua kuwasha haukuacha hata taa ya chooni.

Pale ukutani kulikuwa na amri, imeandikwa kwa rangi na ofisi ileile ya Ndugu Khatibu: mzigo ukipita hamsini, zima laini moja, hospitali isizimwe. Laini zilikuwa nne. Hospitali, soko, shule na bomani. Na bomani ndiko kulikokuwa na resthausi.

"Isipopunguzwa itazimika yote," akasema Reverien. "Ikizimika, mweusi unarudi kabla haujafika arobaini."

"Zima shule," nikasema. Sikufikiri hata kidogo.

"Watoto wana mtihani."

"Basi soko."

"Nikizima soko, kinu kinasimama, tunashuka chini ya arobaini. Na Tamimu kajitolea."

Nikaona mkono wake unakwenda wapi. Nikaruka kutoka kwenye pipa. "Mana yanje we, Mungu wangu! Reverien! Yule ndiye anayeandika! Huwezi kumzimia mgeni! Yuko mezani sasa hivi, wamempikia samaki wa migebuka!"

"Ego," akasema, ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama amefunga mlango. Akazima bomani.

Kulikuwa na spana pale mezani. Niliitazama. Nasema tu kwamba niliitazama. Mlima wa bomani ukawa mweusi wote, nyumba za wakubwa na resthausi, na Kibondo nzima huku chini inawaka kama harusi. Wachache tu mji mzima walikuwa hawana taa, na mmoja wao ndiye tuliyekuwa tumemzimia taa zetu wiki nzima ili apendezwe.

Mashine ikashusha pumzi. Mita ikarudi arobaini na nane, ikatulia hapo. Mshale mweusi ukaendelea na safari yake. Ishirini na tano. Thelathini. Nikaacha kusema, na wanaonijua watakuambia hilo halitokei. Thelathini na sita. Nje nikaona tochi inashuka kilima, inaruka huku na huku, ya mtu mwenye haraka.

Ndugu Khatibu aliingia amevaa msuli na shati la kazini, vidole vya mkono wa kulia bado vina mchuzi. Alikuwa anahema. Upole wake ule ulikuwa umebaki resthausi.

"Nani kanizimia?"

"Mimi," akasema Reverien.

"Hukujua niko kule?"

"Nilijua."

"Ukajua mimi ndiye ninayeandika habari za mashine hii. Na za kwako."

"Nilijua, mzee. Mzigo ulizidi hamsini. Hospitali haikatiki. Sokoni wanasaga. Shuleni wanasoma. Wewe ulikuwa unakula. Mtu anaweza kula gizani, mkono unaujua mdomo."

Ndugu Khatibu akamulika amri iliyoandikwa ukutani, akaisoma yote, ingawa pengine aliiandika mwenyewe. Kisha akamulika sanduku lake. Mshale ulikuwa kwenye arobaini na tatu, na bado ulikuwa unasogea.

Akazima tochi. "Wiki nzima nimetazama chini kutoka mlima ule jioni," akasema, "nikaona mji wa watu waliolala. Leo wametoka wapi hawa?"

Hapo nikashindwa. "Hawajatoka popote! Walikuwa gizani kwa ajili yako! Ili mashine isikohoe mbele yako, ili usimfukuze huyu! Wamekula kwa koroboi, Sista kachemsha sindano kwa kuni, wote kwa adabu! Hawakujua kwamba kwenu anayevuta kidogo ndiye anayenyang'anywa!" Nikaanza kulia, na nilichukia kulia mbele ya mtu wa pwani. "Ulichopima si mahitaji yao. Umepima heshima yao."

Alinisikiliza mpaka nikamaliza kamasi. "Mama," akasema, "kazi hii nimeianza tangu enzi za Mwingereza. Kila ninakokwenda na sanduku hili watu wanawasha mpaka pasi zisizo na nguo. Kasulu walinilaza na taa tatu chumbani. Hakuna mji uliowahi kunizimia." Akamgeukia Reverien. "Niambie wewe. Jioni ya kawaida, mimi nisipokuwepo, bila kunipendeza wala kunificha. Inavuta ngapi?"

"Arobaini na tano. Na inakohoa."

"Nitaandika hiyo. Hii ya leo inaithibitisha." Akafuta mchuzi kwenye msuli wake. "Na nitaandika kwamba mashine inabaki, pamoja na mwendeshaji wake. Mtu aliyeweza kunizimia mimi, siwezi kumpeleka akalime Mpanda. Nitampata wapi mwingine?"

Reverien alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akakaa hivyo, mabega yanacheza, nami nikamwekea mkono mgongoni. Miaka minne nilikuwa sijamwona akilia, hata njiani Mabamba hakulia. Nikamwacha alie, mashine ilikuwa inatosha kutuficha sauti.

Kisha akajifuta kwa mkono wa shati safi, akakumbuka adabu. Akanyoosha mkono kwenye swichi ya bomani. "Samahani, mzee. Nikuwashie sasa?"

Ndugu Khatibu akatazama mita ya ukutani. Bado ilikuwa arobaini na nane. Akavuta lile pipa langu la dizeli, akaketi juu yake.

"Bado," akasema. "Mzigo haujashuka. Wacha wamalize."